Flashi ya Minza

Minza, flashi nimemkabidhi Mafuru wa kivuko,
nimeifunga kwa nailoni mbili isipate maji kabla ya Nansio.
Mna filamu tatu. Ya tatu usiiguse,
wanapigana tu, na muziki una kelele kuliko ngumi.
Nimeiacha humo kwa kuwa Bwire alikataa nisiifute.

Anza na ya vikombe.
Mjane mmoja, nchi ya baridi, sijui wapi,
anaosha vyombo. Dakika tisa, nilihesabu.
Haingii mtu. Hailii simu.
Pale bandani Igogo tulikuwa arobaini na kitu,
na Bwire kashika kipaza sauti,
yeye anayetafsiri hata mlio wa risasi,
anayewapa majambazi wa ughaibuni majina ya Sengerema,
Bwire akakohoa. Akanyamaza. Akakohoa tena.
"Huyu... anaosha," akasema.
Watu wakacheka mpaka benchi la nyuma likang'oka mguu.

Lushinge wa kiwanda cha minofu akasimama kudai mia tano yake:
"Toka alfajiri nakata sangara,
vidole hivi bado havijapata joto,
nije nilipe nimtazame mwanamume na sahani?
Kwangu sahani zipo!"
Ana haki. Naandika hapa kwamba ana haki.

Lakini kuna kikombe cha pili, Minza.
Cha kwanza anakiosha, anakifuta, anakipanga.
Cha pili ni kikavu, hakijanywewa kitu,
na anakiosha vilevile.
Hapo Bwire akaweka kipaza sauti chini,
jenereta peke yake ikabaki inatafsiri.
Lushinge hakutoka.
Hela hakurudishiwa pia.

Ya punda ni katuni,
na usiniambie katuni ni za watoto,
watoto ndio waliokimbia kwanza.
Imechorwa kwa mkaa. Mkaa huu huu wa kupikia.
Binti anavuka uwanda wa theluji akimtafuta punda wake,
na kwa kila hatua mchoraji amefuta ile ya nyuma,
ila hakufuta vizuri (au makusudi, tulibishana),
basi nyuma ya binti wamebaki mabinti mia,
kivulivuli, wanamfuata kama deni.
Mama Ngolo, anayepima mkaa kwa kopo Mabatini,
yeye alitazama kitu kimoja tu:
"Huo si wa mti mgumu. Wa mti mgumu haufutiki hivyo."

Hii tuliionea uani kwa shemeji, Bwiru,
shuka limepigiliwa ukutani,
na usiku ule wadudu wa ziwa walipanda kama moshi,
wakaiona ile nuru, wakatua.
Theluji ikaota weusi. Ikaanza kutembea.
Hakuna aliyewapangusa.
Sijui kwenye kompyuta yako, dirisha limefungwa,
kama itakuwa filamu ileile.

Kasoro yake ni mwisho: anampata punda.
Mimi nisingempa.
Nikasema hivyo kwa sauti, nikijisikia msomi,
Mageni akanigeukia na karanga mdomoni:
"Ulitaka akose, ili wewe uonekane umeelewa."
Neno hilo linaniwasha mpaka leo.

Ijumaa Bwire akairudia ya vikombe, bila kupiga tangazo.
Tulikuwa sita. Lushinge mmojawapo, kalipa.
Dakika zote tisa Bwire hakugusa kitu,
ila kwenye kikombe kile kikavu
akainua kipaza sauti, akasema taratibu,
kama anayemimina:
"Karibu."
Sijui kama ni tafsiri. Kwenye filamu halisemwi.

Basi. Ya vikombe itazame peke yako, umekwisha kula.
Ya punda tafuta mtu wa kubishana naye.
Na usiniandikie kwamba ni nzuri,
nzuri hata soda ni nzuri.
Niandikie ni wapi ulitaka kuinuka, ukakaa.

Flashi si yangu. Mafuru anarudi Jumatano.